Mwongozo Kamili: Jinsi ya Kusoma Ramani ya Kale ya Makoloni na Nchi za Mbali

Wasomaji wanaoniuliza kuhusu ramani za kale hukwama karibu wote mahali pamoja. Mtu anapata ramani ya Afrika ya karne ya 17 au ya 19, anaona ziwa ambalo halipo, mlima ambao haujawahi kuwapo, mpaka ulionyooka kama uzi wa fundi na eneo jeupe katikati ya bara, kisha anatoa moja ya hukumu mbili: ama mchoraji hakujua kitu, ama alikusudia kudanganya. Hukumu zote mbili humaliza kazi kabla haijaanza.

Kazi yenyewe ni kuuliza, kwa kila mstari uliochorwa, nani alipaona mahali hapo, na habari yake ilipita mikononi mwa nani hadi ikafika kwenye bamba la mchapishaji, yaani kipande cha madini kilichochongwa ramani ili ichapwe. Mwongozo huu unafuata swali hilo hatua kwa hatua. Usijaribu kuimaliza ramani kwa jioni moja. Hatua ya 5 peke yake inaweza kuchukua siku nzima.

## Vifaa vinavyohitajika

- Picha ya ramani yenye ubora wa kutosha kusoma jina dogo kuliko yote. Mkusanyo wa David Rumsey ulioko Stanford, Library of Congress ya Marekani, na Gallica ya Maktaba ya Taifa ya Ufaransa zote huruhusu kukuza picha na kuipakua bila malipo.
- Ramani ya leo ya eneo lilelile, yenye mistari ya latitudo na longitudo.
- Karatasi ya kufuatishia, penseli ya kawaida, na penseli za rangi nne.
- Jedwali lenye safu tano: jina lilivyoandikwa, jina la leo, aina ya kitu, shahidi, na maelezo.
- Programu ya kompyuta ya kushughulikia ramani iitwayo QGIS, ambayo ni ya bure, kwa ajili ya hatua ya 9.
- Lenzi ya kukuza mara 10, ikiwa unayo ramani halisi mkononi.

Tahadhari: ikiwa ramani ni ya asili, usiweke karatasi ya kufuatishia juu yake hata kidogo. Mgandamizo wa penseli huacha mfereji kwenye karatasi ya kale, na mfereji huo hauondoki. Fuatisha juu ya nakala, na wino usiwepo kabisa mezani.

## Hatua ya 1: Nakili maandishi ya pembeni kabla ya kulitazama bara

Jicho hukimbilia katikati ya ramani. Lizuie. Anza na pambo lenye jina la ramani, kisha pembe nne, kisha ukingo wa chini, na unakili kila neno kama lilivyo, pamoja na makosa yake ya tahajia.

Sababu ni kwamba maneno hayo madogo ndiyo yanayogawa wajibu. Kwenye ramani za Kilatini, neno *delineavit* hufuata jina la aliyechora, *sculpsit* hufuata jina la aliyechonga bamba, na *excudit* hufuata jina la aliyechapisha. *Cum privilegio* humaanisha kwamba mchapishaji alipewa haki na mtawala ili wengine wasiichape kazi yake. Mara nyingi huwapo pia maneno ya kumtunukia ramani mfalme, waziri au kampuni ya biashara. Yanakili yote, kwa sababu anayetunukiwa ndiye aliyetarajiwa kufurahishwa na kilichochorwa.

Jihadhari na jina kubwa. Mercator, mchoraji mashuhuri wa ramani, alifariki mwaka 1594. Mchapishaji Jodocus Hondius alinunua mabamba yake mwaka 1604 na kutoa atlasi mpya mwaka 1606, jina la Mercator likiwa bado limebebwa mbele. Kwa hiyo jina la mtu kwenye ramani halithibitishi kwamba aliiona ramani hiyo akiwa hai.

Umefaulu ukiweza kutaja, kila mmoja kwa kazi yake, aliyechora, aliyechonga na aliyechapisha, au kusema wazi ni yupi kati yao ambaye ramani haikumtaja.

## Hatua ya 2: Tafuta tarehe mbili

Kila ramani ya kale ina tarehe ya kuchapishwa na tarehe ya habari zake, na mara nyingi habari huitangulia chapa kwa miaka mingi. Bamba la shaba lilikuwa mali ya thamani. Liliuzwa, likarithiwa, likafutwa jina moja na kuchongwa lingine, huku mito na maziwa yakibaki yalivyokuwa.

Ili kupata tarehe ya habari, tafuta kitu kipya kuliko vyote ndani ya ramani, kisha kitu cha zamani kuliko vyote kilichopaswa kuwa kimeondolewa. Ramani yenye Mfereji wa Suez kama njia inayotumika imetengenezwa baada ya mwaka 1869. Jina la Tanganyika Territory haliwezi kuwapo kabla ya mwaka 1920, na mwaka huohuo ndio Kenya ilipoanza kuitwa koloni kwa jina hilo. Dola Huru ya Kongo huonekana baada ya 1885. Kinyume chake, California ikichorwa kama kisiwa, unatazama kosa lililoenea katika karne ya 17 na kuendelea hata baada ya padri Eusebio Kino kufika huko kwa miguu, hadi mfalme wa Hispania alipotamka rasmi mwaka 1747 kwamba California si kisiwa.

Karatasi pia husema. Ukiinyanyua kuelekea mwanga na ukaona mistari sambamba kama ya kichungio cha waya, hiyo ni karatasi iliyotengenezwa kwa ungo wa mistari. Karatasi laini isiyo na mistari hiyo ilianza katikati ya karne ya 18 na kuenea baada ya 1800. Alama ya ukingo wa bamba iliyobonyea kuzunguka mchoro ni dalili ya shaba au chuma, na litografia, yaani uchapaji wa jiwe, haikuwapo kabla ya miaka ya 1790.

Umefaulu ukiandika sentensi ya namna hii: "Ilichapishwa mwaka fulani, habari za pwani ni za muongo fulani, na za bara ni za zamani zaidi." Pwani na bara kuwa na umri tofauti katika karatasi moja ni jambo la kawaida kabisa.

## Hatua ya 3: Rekebisha longitudo na maili

Greenwich ilikubaliwa kuwa longitudo sifuri katika mkutano wa Washington wa mwaka 1884, na hata baada ya hapo si wote waliofuata mara moja. Kabla yake kila taifa lilihesabu linapotaka. Wengi walianzia kisiwa cha Ferro katika visiwa vya Canaria, kilicho takriban digrii 17 na dakika 40 magharibi mwa Greenwich. Wafaransa walitumia pia Paris, iliyo digrii 2 na dakika 20 mashariki mwa Greenwich.

Chukua mji wa Zanzibar, ulio karibu digrii 39 na dakika 12 mashariki kwa hesabu ya leo. Kwenye ramani sahihi ya Ferro utausoma kama digrii 56 na dakika 52; kwenye ya Paris, digrii 36 na dakika 52. Ukisahau hesabu hii utamshutumu mchoraji kwa kuisogeza Zanzibar zaidi ya digrii 17 huku yeye akiwa amepatia.

Usitarajie longitudo na latitudo ziwe na usahihi sawa. Latitudo hupimwa kwa jua au nyota, na mabaharia waliijua mapema. Longitudo baharini ilibaki kuwa makadirio ya mwendo wa chombo hadi saa za fundi Mwingereza John Harrison zilipothibitishwa katika miaka ya 1760. Ndiyo maana nchi katika ramani za kale huonekana zimenyooshwa au zimebanwa kutoka mashariki kwenda magharibi kuliko kutoka kaskazini kwenda kusini. Tolemayo, mwanajiografia wa kale wa Aleksandria, aliipa Bahari ya Kati urefu wa digrii 62, wakati urefu wake halisi ni karibu 42, na kosa hilo lilinakiliwa kwa karne nyingi.

Angalia pia maili ni za nani. Maili za Kijerumani zilikuwa 15 kwa digrii moja, ligi za baharini 20, na maili za Kiitalia 60. Digrii moja ni karibu kilomita 111, hivyo maili moja ya Kijerumani ni kilomita 7.4 na ya Kiitalia haifiki kilomita 2.

Mwisho, tazama mistari ya latitudo imeachana vipi. Ikizidi kutengana kadiri inavyoelekea kwenye ncha za dunia, ramani inafuata mpango wa Mercator wa mwaka 1569, uliobuniwa ili baharia ashike mwelekeo mmoja wa dira kwa mstari ulionyooka. Hapo usilinganishe ukubwa wa nchi kwa macho: Greenland itakaribia kulingana na Afrika, ilhali Afrika ni kubwa kama mara 14.

## Hatua ya 4: Soma majina kwa sauti

Hapa msomaji wa Kiswahili ana faida ambayo wataalamu wengi wa ramani hawana, na inaniuma kuona inaachwa bure.

Jina lililoandikwa kwenye ramani ni sauti iliyosikiwa na sikio la kigeni na kuandikwa kwa tahajia yake. Basi litamke kwa matamshi ya aliyeliandika. Kwa Mreno, *qui* ni *ki*. *Quiloa* ni Kilwa. Herufi *x* yake ni *sh*, hivyo *Magadoxo* hutamkwa Magadosho, yaani Mogadishu. *Melinde*, *Mombaza*, *Brava* na *Monfia* hazihitaji maelezo marefu kwa mtu wa pwani. Mjerumani alipoandika *Udschidschi* alikuwa akitafuta herufi za kuandikia Ujiji, na kwa Mfaransa *ou* ni *u*, kama katika *Ouganda*.

Kisha tazama kiambishi cha mbele. Waganda huiita nchi yao Buganda, na Warundi huiita yao Burundi. Ramani za karne ya 19 zinapoandika *Uganda*, *Urundi* na *Unyoro*, ile *U* ya mwanzo ni ya Kiswahili. Jina hilo halikuchukuliwa kwa mwenyeji wa nchi. Lilipita kinywani mwa msafiri wa pwani, au mkalimani, au mpagazi aliyezungumza Kiswahili, hata pale ambapo ramani inamtaja Mzungu mmoja tu kama chanzo chake. Weka alama kwa kila jina la namna hiyo. Ni sahihi ya mtu ambaye hakutajwa.

Tahadhari: usilinganishe majina kwa sauti pekee. Jina la kale na la leo lazima vikubaliane pia kwa mahali, yaani upande uleule wa mto, karibu na latitudo ileile, au kwenye njia ileile ya msafara. Majina yanayofanana ni mengi mno katika lugha za Kibantu, na kosa moja la ulinganisho huvuta mengine kumi.

Umefaulu ukiwa na jedwali ambalo kila jina lina moja ya majibu matatu: limetambuliwa, linakisiwa, au halijulikani. Kuacha majina kadhaa bila jibu ni dalili ya kazi ya uaminifu.

## Hatua ya 5: Mpe kila mstari shahidi wake

Hii ndiyo hatua kuu. Weka karatasi ya kufuatishia juu ya nakala na upitishe kila pwani, mto, ziwa, mlima na njia kwa moja ya rangi nne: kilichopimwa kwa chombo, kilichoonwa kwa macho bila kipimo, kilichosikiwa kwa watu, na kilichonakiliwa kutoka ramani nyingine.

Wachoraji wachache wamekufanyia kazi hii tayari. Katika ramani ya Virginia iliyochapishwa mwaka 1612, John Smith aliweka misalaba midogo kwenye mito. Ufunguo wake unaeleza kwamba hadi kwenye msalaba ni eneo lililofikiwa na yeye na watu wake, na kilicho ng'ambo ya msalaba kimetokana na maelezo ya wenyeji. Ukiifuata misalaba hiyo mto mmoja baada ya mwingine, utaona kwamba sehemu kubwa ya bara katika ramani hiyo ni maarifa ya Wahindi Wekundu wa huko, yaliyochongwa kwenye shaba kwa jina la Mwingereza. Geuza karatasi unapoisoma, kwa kuwa magharibi iko juu.

Wengi hawakuweka misalaba, na hapo utalazimika kuitafuta mwenyewe. Mfano mzuri kuliko yote ninayoijua ni ramani ya Afrika Mashariki ya wamisionari Jakob Erhardt na Johannes Rebmann, iliyochapishwa mwaka 1856. Katikati yake limelala ziwa moja kubwa mno lenye umbo la konokono asiye na gamba, likitoka jirani na Ikweta na kushuka zaidi ya digrii 10 kusini. Ziwa hilo liliitwa Bahari ya Uniamesi, yaani ya Unyamwezi. Wengi huishia hapo, wakishangaa kosa.

Sasa fuata njia za misafara. Erhardt alikaa Tanga kwa miezi kadhaa mwaka 1854 akiwauliza wafanyabiashara waliorejea kutoka bara. Waliopita njia ya kaskazini walisema kwamba mwisho wa safari ni maji makubwa. Waliopita njia ya kati, inayoishia Ujiji, walisema vilevile, na waliotoka Kilwa wakasema vilevile. Kila mmoja wao alisema kweli: kaskazini kuna Nyanza (Ziwa Victoria), katikati kuna Tanganyika, kusini kuna Nyasa. Kilichokosewa ni kuunganisha, kwa sababu wamisionari walikuwa na ncha tatu za njia na hawakuwa na mtu aliyetembea kutoka ncha moja hadi nyingine, wakajaza nafasi iliyobaki kwa maji. Mwaka 1858 wasafiri Waingereza Burton na Speke walifika Tanganyika, kisha Speke akafika Nyanza, na ziwa moja likavunjika.

Kwenye karatasi yako, basi, miisho ya njia ipake rangi ya kilichosikiwa, na kingo za ziwa zilizo kati ya miisho hiyo ziwekee alama ya kuulizia. Ukifanya hivyo utaona kwa macho yako mahali penye ushahidi na mahali penye kisio tu.

Rangi ya nne, ya kunakili, inahitaji ukali zaidi. Mwaka 1798 James Rennell alichora safu ya milima ya Kong ikivuka Afrika Magharibi, katika ramani iliyoambatana na safari ya mvumbuzi Mungo Park. Safu hiyo iliingia atlasi moja baada ya nyingine hadi ofisa Mfaransa Louis-Gustave Binger alipopita huko kati ya 1887 na 1889 na kueleza kwamba hakuna milima ya namna hiyo. Ramani nyingi zinazokubaliana si mashahidi wengi. Zikiwa zimenakili chanzo kimoja, shahidi ni mmoja, na namna ya kuwagundua wanakili ni kutafuta kosa dogo linalojirudia: mkunjo uleule wa mto, au tahajia ileile isiyo ya kawaida.

Na usidhani kwamba kilichopimwa kilipimwa daima na mwenye jina kwenye ramani. Mwaka 1865 na 1866 Nain Singh, aliyetumwa na Idara ya Upimaji ya India, alitembea hadi Lhasa akihesabu hatua zake kwa tasbihi ya punje 100 badala ya 108 za kawaida. Umbali mwingi ulioonekana kwenye ramani za Tibet zilizofuata ulikuwa umebebwa kwenye vidole vyake.

Umefaulu karatasi yako ikiwa na rangi zote nne, au ukiweza kueleza kwa nini mojawapo haipo.

## Hatua ya 6: Chunguza weupe

Weupe wa aina mbili hufanana kabisa kwa macho. Mwaka 1749 mchoraji ramani Mfaransa d'Anville alitoa ramani ya Afrika ambayo aliondoa ndani yake mito, miji na falme nyingi zilizokuwa zikinakiliwa bila uthibitisho, akaacha nafasi tupu. Weupe wake ulikuwa na maana ya "sina ushahidi". Baadaye weupe huohuo ulisomwa kana kwamba unasema "hapana mtu", na nchi isiyo na mtu ni rahisi kuidai.

Ili kuutambua, linganisha ramani yako na moja ya zamani zaidi ya eneo hilohilo. Ikiwa kulikuwa na majina yakaondolewa, andika yapi. Mengine yalikuwa ya kubuni, lakini mengine yalikuwa ya mahali pa kweli palipowekwa pasipo pake, na hayo yalipotea pamoja na ya kubuni.

## Hatua ya 7: Tenganisha rangi, mpaka na utawala

Kosa ninalolisahihisha mara nyingi kuliko yote ni hili: mtu anaona eneo limepakwa rangi ya waridi na kuandika kwamba "wakati huo lilitawaliwa na Waingereza". Rangi hiyo ilieleza dai. Dai linaweza kutangulia utawala kwa miaka mingi, na lisiwe na ofisa hata mmoja aliyekwisha kukanyaga hapo.

Kwanza, tambua rangi ni ya lini. Ramani zilizochapwa kwa shaba zilitoka nyeusi na nyeupe, na rangi ilitiwa kwa mkono baadaye, wakati mwingine miaka mingi baadaye na muuzaji. Chini ya lenzi, rangi ya mkono huvuka mistari na kujikusanya kwenye kingo, lakini rangi ya litografia hukaa sawasawa au kuonyesha vitone. Rangi iliyotiwa kwa mkono usiitumie kama ushahidi wa mipaka mpaka uone nakala nyingine za bamba lilelile.

Pili, usiipe Berlin kila mstari. Mkutano wa Berlin ulioanza Novemba 1884 na kwisha Februari 1885 haukuigawa ramani yote ya bara. Mipaka mingi ilitokana na mikataba ya baadaye kati ya dola mbili mbili. Mstari kati ya Kenya na Tanzania ya leo ulikubaliwa na Uingereza na Ujerumani mwaka 1886. Unaanzia karibu na mlango wa mto Umba, unapanda kwa unyoofu kuelekea kaskazini-magharibi, unauzunguka mlima Kilimanjaro upande wa kaskazini, kisha unanyooka tena hadi Ziwa Nyanza kwenye digrii 1 kusini. Utazame kwa karibu. Haufuati mto, wala ukingo wa malisho, wala lugha. Waliouchora walitumia rula juu ya nchi ambayo sehemu yake kubwa hawakuwa wameiona, na Wamasai wakajikuta pande mbili. Mkataba huohuo ulimwachia Sultani wa Zanzibar ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10; ramani za miaka hiyo zinazousahau ukanda huo zinakuonyesha upande wa mchapishaji.

Nchi yenyewe iliweza kusogezwa ili dai lisimame. Katika ramani ya Kireno ya mwaka 1502 iitwayo Cantino, iliyohifadhiwa Modena, mstari wa mkataba wa Tordesillas wa 1494, uliogawa nchi mpya kati ya Ureno na Hispania, umechorwa wazi, na Newfoundland imewekwa mashariki mwake, upande wa Ureno, ilhali kwa hakika iko magharibi.

Umefaulu ukiwa na orodha tatu zilizoachana: yaliyodaiwa, yaliyokubaliwa kwa mkataba, na yaliyokuwa yakitawaliwa kweli.

## Hatua ya 8: Soma mapambo kama orodha ya mali

Usiyaruke, wala usikae nayo muda mrefu. Katika ramani ya Afrika ya Willem Blaeu, ya mwanzoni mwa karne ya 17, safu ya juu ina picha za miji tisa: Tanger, Ceuta, Algiers, Tunis, Alexandria, Cairo, Msumbiji, Elmina na Canaria. Ihesabu. Ukiondoa Cairo, kila moja ni mahali ambapo meli hutia nanga. Pembeni kuna watu wamesimama wawili wawili au zaidi kwa mavazi yao, na ndani ya bara kuna wanyama. Mchapishaji alionyesha bandari kama miji na bara kama pori, kwa sababu habari zake zilikuwa zimekuja kwa meli.

Andika vitu vyote vilivyoshikwa mikononi mwa watu waliochorwa, kama pembe za ndovu, matunda, dhahabu au silaha, na uangalie nani amesimama, nani ameinama, na nani anapokea. Kisha simama hapo. Mavazi na miili hiyo mara nyingi ilinakiliwa kutoka michoro ya vitabu, hivyo haifai kutumiwa kama ushahidi wa watu walivyovaa.

## Hatua ya 9: Iunganishe na ramani ya leo

Fungua picha kwenye QGIS na utumie zana ya kuunganisha picha na latitudo na longitudo za leo. Chagua kati ya alama 8 na 12 zilizo kwenye pwani: rasi, visiwa vidogo, milango ya mito. Usianze na maziwa wala milima ya bara, kwa kuwa hayo ndiyo unayotaka kuyapima, na kitu kinachopimwa hakiwezi kuwa kipimo.

Tumia ugeuzaji rahisi wa mstari kwanza. Programu ina njia nyingine zinazoivuta picha kama mpira hadi kila alama ikae pake, na matokeo yake hupendeza sana, lakini huficha kosa ambalo ndilo unalolitafuta.

Umefaulu pwani ikikaribia kulingana na ya leo, na bara likionyesha kuachana ambako unaweza kupima kwa kilomita. Pale ambapo kuachana kunabadilika ghafla, rudi kwenye karatasi yako ya rangi nne. Mara nyingi utakuta hapo ndipo rangi ya kilichopimwa inapoishia na ya kilichosikiwa inapoanza.

## Hatua ya 10: Andika maelezo, kisha yajaribu

Andika aya moja isiyozidi maneno 150, yenye majina ya waliofanya kazi, tarehe mbili, kipimo cha longitudo, mashahidi kwa sehemu, na madai ya utawala. Kwa ramani ya Erhardt na Rebmann, kiini cha aya kingekuwa hivi:

"Ilichapishwa mwaka 1856. Habari za bara zilikusanywa kwa mdomo kutoka kwa wasafiri wa misafara, ambao majina yao hayako kwenye ramani. Miisho ya njia tatu inalingana na maziwa matatu yaliyopo. Maji yanayoyaunganisha ni kisio la wachoraji. Tahajia ya majina inaonyesha kwamba habari zilipita katika Kiswahili."

Sasa mpe aya hiyo mtu ambaye hajaiona ramani, na umwombe akwambie kwa maneno yake ni sehemu ipi ilipimwa, ipi ilisikiwa, na kwa nani. Akishindwa kujibu, usimweleze kwa mdomo. Rudi kwenye safu ya nne ya jedwali, ile ya shahidi, ujaze mahali ulipoacha wazi, na uandike aya upya.